Daraja la Kwanza

Miaka kumi na tisa nimepasua korosho za watu
ghalani Newala, mlango wa pili, karibu na mizani.
Bambo linaingia guniani, linatoka na kiganja kimoja.
Nahesabu, nakata: nyeupe huku, zenye madoa huku,
mapepe kule, zilizooza naziacha zinuke zenyewe.
Kisha naandika. La kwanza. La pili.
Mkulima hatazami korosho. Anatazama kalamu.

Mwezi wa tatu, mkulima nikawa mimi.
Simu ililia, ripoti ikaingia, kurasa kumi na mbili
kutoka kwa dalali wa hisa, Dar es Salaam,
michoro inapanda kama njia ya wachota maji kutoka bondeni,
na juu kabisa neno moja la kijani: NUNUA.
Kampuni ya vifungashio. Bei ya leo mia sita ishirini,
bei lengwa mia tisa.
Sikupasua hata ukurasa mmoja.
Nilitoa hela za paa la jikoni.

Na hapa ndipo ninapojicheka:
msimu ulikuwa ndio kwanza umeisha, na magunia hayakufika.
Nilisimama palepale, mlango wa pili,
korosho zimemwagwa kwenye maturubai,
Somoe Nanguka analia mnada umempita,
lori la magunia liko Nangurukuru, liko Mingoyo, liko njiani.
Magunia ya nani? Ya kampuni ileile.
Macho yangu yalikuwa na habari tangu Novemba.
Nikaamini karatasi.

Mwezi wa nane hisa ilikuwa mia nne na kumi.
Nikampigia Evodius, kijana aliyeisaini ripoti.
Ana sauti nzuri, ya mtu aliyetoka kuoga.
"Tumeibadilisha, mama. Sasa tunasema SHIKILIA."
Usiku nikapekua ripoti zake zote, thelathini na moja:
nunua, nunua, shikilia, nunua.
UZA sikuiona,
kama ghala ambalo daraja la pili halijawahi kuzaliwa.
Na ukurasa wa mwisho, kwa herufi za sisimizi:
tumewahi kuwa, au tunatarajia kuwa,
washauri wa kampuni iliyotajwa.

Simwiti mwongo. Siwezi.
Mwaka ule mvua ziliwahi, mwenyekiti wa chama
alisimama nyuma yangu, mikono mfukoni, anasifia kilemba changu.
Korosho zina unyevu hata bambo linatoka jasho.
Hakunipa senti. Hakuomba kitu.
Mimi nilitaka tu msimu ujao waniite tena.
Nikaandika: la kwanza.
Kalamu haikutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha.

Basi Zaituni, unayeniuliza uamini au usiamini,
na mafao ya marehemu yako kwenye bahasha:
ripoti soma.
Madeni ya kampuni kayahesabu vizuri kuliko ningeweza mimi.
Beba hesabu, neno la kijani liache mlangoni.
Halafu uliza ni nani anayemwita msimu ujao.
Na kama jicho lako limeona kitu,
usilinyamazishe kwa sababu halina michoro.

Jana nilimuuliza mwenyewe:
"Na wewe, mwanangu, unazo ngapi?"
Simu ikakaa kimya kama ghala la Aprili.
"Sera ya kazini haituruhusu, mama."
Labda ni kweli. Labda hata ni sera nzuri.
Nikatazama vidole vyangu, mafuta ya ganda yamevichoma
hadi mashine ya benki ya alama za vidole inanikana.

Hisa bado ninazo.
Paa la jikoni linavuja palepale.